Mgawaji, Mtunzaji na Mwonyeshaji: Kumbukumbu za Kuunganisha Majaribio ya Kivinjari na Dashibodi Mbadala

Jaribio la kiotomatiki la kivinjari ni programu ndogo inayoiendesha tovuti kama mtumiaji wa kawaida angeiendesha: hufungua ukurasa, hujaza fomu, hubofya kitufe, hungoja jibu, kisha hulinganisha kilichotokea kwenye skrini na kile kilichotarajiwa, na mwishowe hutoa hukumu kwamba limefaulu, limeshindwa au limerukwa. Hukumu hizo zikiwa chache husomwa na mhandisi mmoja kwenye dirisha la amri na kusahaulika papo hapo, lakini zikiongezeka hadi kuwa mamia kwa kila badiliko la msimbo huhitaji mahali pa kukusanyika pamoja na picha za skrini, video na maelezo ya makosa. Mahali hapo ndipo panapoitwa dashibodi, yaani ukurasa unaozipanga hukumu kwa tarehe, kwa tawi la msimbo na kwa aina ya kosa ili kikosi kizima kizisome. Watengenezaji wa zana za majaribio mara nyingi huwa na dashibodi yao wenyewe, ambayo matumizi yake makubwa hutozwa ada. Nyingine yoyote inayochukua nafasi yake itaitwa hapa dashibodi mbadala.

Kumbukumbu zinazofuata zinatokana na miaka ambayo mwandishi alihudumu katika kikosi kidogo cha wahandisi jijini Nairobi, kilichotunza tovuti ya malipo ambamo mteja alianzisha muamala kwenye kivinjari na kuukamilisha kwa kuandika namba ya siri kwenye simu yake. Kikosi hicho kilihama dashibodi zaidi ya mara moja, na katika kuhama huko ilibainika kwamba dashibodi moja hubeba kazi tatu ambazo hazina ulazima wa kukaa pamoja, nazo ni kugawa majaribio kwa mashine zinazoyaendesha, kutunza matokeo yake, na kuyaonyesha. Kuonyesha ndiko kunakozungumzwa zaidi wakati wa kununua, kwa kuwa ndiko kunakoonekana, na ndiko kwepesi zaidi kubadilisha. Kugawa hakutajwi sana, nako ndiko kunakomfunga mtumiaji.

Kifungo hicho hakikuwapo tangu mwanzo. Selenium, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Jason Huggins alipokuwa mfanyakazi wa ThoughtWorks jijini Chicago, ili kupima programu ya ndani ya kurekodi saa za kazi na gharama, ilikuwa zana ya kuendesha kivinjari tu, wala haikujishughulisha na nani angesoma matokeo. WebDriver, mradi wa Simon Stewart ambao muungano wake na Selenium ulitangazwa mwaka 2009 na kuzaa Selenium 2 mwaka 2011, uliuheshimu mpaka huohuo: zana hutuma amri kwa kivinjari kwa kufuata itifaki, yaani kanuni za mazungumzo kati ya programu mbili, na itifaki hiyo ilipitishwa na W3C, shirika linalosimamia viwango vya wavuti, kuwa pendekezo rasmi mwezi Juni 2018. Hukumu yenyewe ilitolewa na mfumo mwingine kabisa, kwa mfano JUnit au TestNG kwa walioandika kwa Java na pytest kwa walioandika kwa Python, na mfumo huo ndio uliotoa faili ya matokeo.

Faili hiyo kwa kawaida ilikuwa katika umbo linaloitwa JUnit XML, ambalo halikubuniwa na kamati yoyote ya viwango bali lilitokana na namna zana ya ujenzi ya Apache Ant ilivyoyaandika matokeo ya JUnit, likaenea kwa kuwa Jenkins na seva nyingine za kujenga na kupima msimbo zilikuwa tayari kulisoma, hadi leo zana zisizo na uhusiano wowote na Java huliandika bila kuuliza. Ni umbo fukara. Lina kundi la majaribio, lina jaribio lenye jina na muda wake kwa sekunde, na ndani ya jaribio lililoshindwa lina ujumbe wa kosa; halina mahali palipokubaliwa na wote pa kueleza kwamba jaribio lilishindwa mara ya kwanza likafaulu liliporudiwa, ingawa Surefire, programu-jalizi ya Maven, imeongeza vipengele vyake vya kusema hivyo. Pamoja na ufukara huo, na pengine kwa sababu yake, limedumu kuliko dashibodi nyingi zilizolisoma, na mhandisi anayelipuuza kwa kuwa halina mvuto hujikuta siku moja akiandika programu ya kukwangua matokeo yake mwenyewe kutoka kwenye ukurasa wa mtu mwingine.

Cypress, iliyoanzishwa na Brian Mann na kufunguliwa kwa umma mwaka 2017 chini ya leseni ya MIT, ilikuja na mpango tofauti. Badala ya kutuma amri kutoka nje, huuendesha msimbo wa jaribio ndani ya kivinjari chenyewe, kando ya tovuti inayopimwa, hata ikaweza kuona maombi ya mtandao na mabadiliko ya ukurasa kwa karibu zaidi kuliko ilivyozoeleka, na wahandisi wengi waliochoshwa na kungojangoja kwa Selenium waliipokea kwa furaha. Leseni ya MIT humruhusu mtu yeyote kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza msimbo mradi aibakize taarifa ya hakimiliki, kwa hiyo zana yenyewe haikuwa bidhaa rahisi kuuzwa. Kilichouzwa ni huduma ya mtandaoni ya kurekodi matokeo, iliyoitwa Dashboard na kupewa jina la Cypress Cloud mwaka 2022. Hakuna la kulaumu katika mpango huo, kwa sababu watu wanaotengeneza zana nzuri wana haki ya kulipwa na ada ya dashibodi ni njia ya wazi kuliko nyingi zinazotumiwa na kampuni za programu, lakini mpango wa biashara wa aina hiyo huacha alama katika usanifu wa zana, na alama hiyo inastahili kutazamwa kwa makini.

Alama yenyewe ilionekana mwaka 2018, Cypress ilipoongeza uwezo wa kuendesha majaribio kwa usambamba. Usambamba ni kuyatawanya majaribio kwenye mashine kadhaa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja ili kazi ya saa nzima iishe kwa dakika chache, na kuna njia mbili za kutawanya. Ya kwanza ni kugawa mapema, ambapo mashine ya kwanza hupewa robo ya kwanza ya faili, ya pili robo ya pili, na kadhalika, bila kujali kwamba faili moja inaweza kuchukua sekunde chache na nyingine dakika nyingi. Ya pili ni kugawa papo kwa papo, kama nyapara anavyogawa kazi kwa vibarua: hakuna anayepewa fungu la siku nzima asubuhi, bali kila anayemaliza hurudi kuuliza na kupewa kinachofuata, hata hakuna anayekaa kivulini wenzake wakihangaika. Cypress ilichagua njia ya pili, ambayo kwa hakika ndiyo bora, na nafasi ya nyapara ikashikwa na ile huduma ya mtandaoni ya kurekodi matokeo, ambayo zaidi ya hayo ilikumbuka muda ambao kila faili ilichukua siku zilizopita na kuzitanguliza zile ndefu.

Hapo ndipo mgawaji, mtunzaji na mwonyeshaji walipokuwa mtu mmoja. Aliyetaka kasi ya mgawaji alilazimika kuyapeleka matokeo yake kwa mtunzaji huyohuyo, hata kama dashibodi iliyokuja pamoja naye hakuihitaji, na aliyetaka kuacha kulipia dashibodi alijikuta akipoteza kasi ambayo ratiba nzima ya kikosi ilikuwa imejengwa juu yake.

Kikosi cha Nairobi kilijifunza uzito wa jambo hilo kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Dashibodi yake ya kwanza haikuwa ya watengenezaji wa zana bali huduma ya kampuni nyingine ya ng'ambo, iliyochaguliwa kwa sababu ya bei nafuu, iliyofanya kazi zote tatu na kuhesabu ada kwa idadi ya majaribio yaliyorekodiwa kila mwezi. Ada ililipwa kwa dola kupitia kadi ya benki, na mwezi mmoja kadi ilikataliwa katika kipindi ambacho idadi ya majaribio ilikuwa imeongezeka kwa sababu ya matawi mengi ya msimbo yaliyofunguliwa kabla ya toleo kubwa. Huduma ilifanya kile ambacho masharti yake yalisema ingefanya: iliacha kupokea matokeo. Lakini kwa kuwa huduma hiyo ndiyo iliyogawa kazi, kuacha kupokea kulikuwa sawa na kuacha kugawa, na mashine zote zikabaki zikingoja maelekezo ambayo hayakuja, na seva ya uunganishaji endelevu, yaani ile inayojenga na kupima msimbo kila unapobadilishwa, ikatangaza kwamba toleo lote limeshindwa ilhali hakuna jaribio hata moja lililokuwa limeshindwa. Toleo lilichelewa. Tatizo la kadi lilipotatuliwa mjadala katika kikosi haukuwa tena juu ya bei, wala juu ya uzuri wa chati, bali juu ya swali ambalo halikuwahi kuulizwa wakati wa kununua: ni kitu gani kinachosimama iwapo dashibodi itasimama?

Jibu la kwanza lilitafutwa katika programu huria. Kwa watumiaji wa Cypress kulikuwa na mradi wa Sorry Cypress, ambao jina lake lilikuwa na utani wa kuomba radhi na ambao uliiga upande wa seva wa huduma rasmi, kiasi kwamba kikosi kingeweza kuuweka kwenye mashine zake chenyewe. Muundo wake unafaa kuelezwa kwa kuwa unazidhihirisha zile kazi tatu kila moja mahali pake: kuna sehemu iitwayo mkurugenzi, inayopokea maombi ya mashine na kugawa faili, kuna hifadhidata ya MongoDB inayotunza hukumu, pamoja na hifadhi ya picha na video inayofuata kanuni za S3, ambayo inaweza kuwa ya Amazon au MinIO iliyosimikwa ndani, na kuna ukurasa wa kuonyesha. Kuunganisha kulihitaji jambo moja tu kimsingi, nalo ni kuiambia Cypress kwamba anwani ya seva ya kurekodi si ile ya kawaida bali ya mkurugenzi wa ndani, na hilo katika matoleo ya awali lilifanywa kwa kubadilisha anwani iliyoandikwa katika faili ya mipangilio iliyo ndani ya programu iliyosakinishwa, au kwa programu ndogo iliyofanya badiliko hilo kwa niaba ya mtumiaji.

Kubadilisha mstari mmoja ni kazi ya dakika. Kuufanya mfumo mzima uaminike ni kazi nyingine, na matatizo mengi yaliyojitokeza hayakuandikwa kwa herufi kubwa katika maelekezo yoyote. Utambulisho wa mwendo, yaani wa awamu moja ya kuendesha majaribio yote, ni mfano mmoja. Mashine zinazoshirikiana lazima zitumie utambulisho mmoja ili mgawaji ajue kwamba zote ni za kazi moja. Kila moja ikijitungia wake, kila moja huanzisha mwendo wake na kuendesha faili zote, na usambamba hugeuka kuwa kurudia kazi ileile mara nyingi kama zilivyo mashine. Kinyume chake pia ni tatizo, kwa sababu mhandisi anapobofya kitufe cha kurudia kazi iliyoshindwa, seva nyingi za uunganishaji endelevu hubakiza namba ileile, na mgawaji huiona kuwa mwendo uliokwisha kufungwa, hivyo hana cha kugawa. Suluhisho ni kuunganisha namba ya kazi na namba ya jaribu la kurudia katika utambulisho mmoja, jambo dogo ambalo lilistahili kuwa aya ya kwanza ya kila mwongozo.

Anwani za hifadhi ya picha zilisumbua zaidi. Mgawaji haipokei video mwenyewe, bali hutoa anwani ya muda iliyotiwa sahihi ya kidijitali, na mashine huipeleka video moja kwa moja kwenye hifadhi kwa kutumia anwani hiyo. Sehemu zote zikiwa ndani ya kontena, yaani vifurushi vya programu vinavyoendeshwa kila kimoja katika mazingira yake yaliyotengwa, hifadhi huwa na jina la ndani ambalo kontena nyingine hulielewa lakini kivinjari cha mhandisi aliyekaa ofisini hakilielewi, kwa hiyo video hupakiwa vizuri na dashibodi huonyesha mraba mtupu. Jina likibadilishwa kuwa la nje, kivinjari huona na pengine kontena hushindwa kupakia. Sahihi nayo hufungwa na jina la mwenyeji, hivyo kubadilisha jina njiani kwa seva ya kati bila kutunza jina la awali huibatilisha. Anayefikiri kwamba kusimika dashibodi mbadala ni kuokoa pesa tu hana budi kuzihesabu pia siku za mhandisi zinazotumika katika mambo ya namna hiyo.

Lipo pia suala la nani anadhibiti mlango. Njia ya kubadilisha anwani ya seva ilitegemea uvumilivu wa watengenezaji wa zana, na kuanzia toleo la 13, lililotoka mwaka 2023, Cypress iliweka kizuizi kilichozifanya programu za kuunganisha na Sorry Cypress, na pia na huduma nyingine mbadala iitwayo Currents, zisifanye kazi. Maoni yalitofautiana, wengine wakisema kwamba kampuni ina haki ya kulinda chanzo cha mapato yake na wengine wakisema kwamba zana yenye leseni huria haipaswi kumchagulia mtumiaji mahali pa kupeleka matokeo. Kwa mtazamo wa usanifu, ambao ndio unaohusika hapa, pande zote mbili zilikuwa zikijadili mlango usio rasmi. Kiunganishi kilichojengwa juu ya kitu ambacho hakikuahidiwa katika nyaraka za zana hakiwezi kudai haki ya kuendelea kufanya kazi katika toleo linalofuata, na kikosi kilichojifungia katika toleo la zamani ili kisipoteze dashibodi yake kimeiruhusu dashibodi ikichagulie kivinjari cha kupima, kwa kuwa matoleo ya zamani ya zana hubaki nyuma kadiri vivinjari vinavyosonga mbele.

Mlango rasmi upo katika takriban kila zana, nao ni kiripoti, yaani sehemu ya programu inayoarifiwa kila jaribio linapoanza na linapokwisha na inayoweza kufanya lolote kwa taarifa hizo. Playwright, iliyotolewa na Microsoft mwezi Januari 2020 na watu ambao baadhi yao walikuwa wameunda zana ya Puppeteer wakiwa Google, ina viripoti vya ndani vya JSON, JUnit na HTML, na humruhusu mtumiaji kuandika chake kwa kutekeleza vitendo vichache vilivyoelezwa katika nyaraka. Kugawa kwake ni kwa njia ya kwanza, ya mafungu yaliyopangwa mapema: mashine huambiwa kwamba yake ni sehemu ya kwanza kati ya nne, na mwishoni vipande vya ripoti huunganishwa kuwa kimoja kwa amri iliyoongezwa katika toleo la 1.37 la mwaka 2023. Kwa kasi njia hii ni duni kidogo, kwani mashine iliyobahatika kupata faili fupi humaliza na kukaa. Lakini haihitaji seva yoyote ya nje, na kikosi ambacho kiliwahi kuona mashine zake zote zikingoja mgawaji aliyenyamaza kiliukubali upungufu huo bila mjadala mrefu. Hata hivyo si lazima mtu ahame zana ili apate faida hiyo, kwa sababu Cypress nayo hutumia viripoti vya mfumo wa majaribio wa Mocha, na orodha ya faili inaweza kugawanywa na msimbo mfupi unaosoma muda wa kila faili kutoka kwenye ripoti za jana. Tahadhari moja tu inahitajika: Cypress huendesha kila faili ya majaribio peke yake, na kiripoti cha JUnit kisipopewa jina la faili lenye alama ya kubadilika, kila matokeo mapya hufuta yaliyotangulia, na mwisho wa mwendo hubaki ripoti ya faili ya mwisho tu, ikiwa safi na yenye kupotosha.

Utunzaji ndio kiini cha jambo lote, ingawa hauna sura ya kuvutia. Thamani ya dashibodi haiko katika matokeo ya leo, ambayo seva ya uunganishaji endelevu huyaonyesha bila msaada, bali katika historia, na hasa historia ya majaribio kigeugeu, yaani yale ambayo hufaulu na kushindwa bila msimbo kubadilika. Mwaka 2016 John Micco wa Google aliandika kwamba karibu asilimia 1.5 ya miendo yote ya majaribio katika kampuni hiyo ilitoa jibu la kigeugeu, na kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yalikuwa na kiasi fulani cha ugeugeu. Na zaidi ya hayo, katika hali ambazo jaribio lilibadilika kutoka kufaulu hadi kushindwa, asilimia 84 zilihusisha jaribio kigeugeu. Takwimu ya mwisho ndiyo ya kutisha, kwa sababu inaeleza kwa nini wahandisi hujifunza kutoziamini taa nyekundu: uzoefu wao unawaambia, na kwa usahihi, kwamba nyingi hazina maana. Katika tovuti ya malipo ugeugeu una sababu zake mahususi, kwa mfano mazingira ya majaribio ya mtoa huduma za pesa kwa simu yanayochelewa kurudisha jibu la muamala, na bila historia ya majuma kadhaa haiwezekani kutofautisha ucheleweshaji huo na kosa halisi katika msimbo wa kikosi.

Kwa hiyo, baada ya majaribu kadhaa, kikosi kiliamua kwamba historia isikae ndani ya dashibodi yoyote. Kila mwendo uliandika faili ya JSON na ya JUnit. Faili hizo zilihifadhiwa kwanza kama zilivyo, kisha programu fupi ilizisoma na kuongeza safu katika jedwali la PostgreSQL lenye jina la jaribio, jina la faili, alama ya toleo la msimbo, tawi, muda, hukumu, namba ya kurudia na sentensi ya kwanza ya kosa. Hakuna ustadi wa pekee katika jedwali hilo, ila katika jambo moja, nalo ni utambulisho wa jaribio: ukitumia jina lake pekee, mhandisi anayesahihisha tahajia ya jina huikata historia vipande viwili, na ukitumia nafasi yake katika faili, kila jaribio jipya linaloingizwa juu huhamisha historia ya yaliyo chini. Njia iliyochaguliwa ilikuwa kuweka alama ya kudumu ndani ya jina la jaribio, kama namba ya faili katika masijala, ambayo haibadiliki hata maneno yanayoizunguka yakibadilika.

Historia ikishakuwa mahali salama, kuonyesha huwa suala la ladha na bajeti. Allure, iliyoanzia Yandex, hutengeneza ripoti nzuri ya kurasa tulivu isiyohitaji seva ya kudumu. ReportPortal, iliyoanzia EPAM, ni mfumo mzito zaidi unaojaribu kuyapanga makosa yanayofanana. Grafana, ambayo Torkel Ödegaard aliianzisha mwaka 2014 kwa kuchukua msimbo wa Kibana, haijui chochote kuhusu majaribio lakini huchora chati ya jedwali lolote ililoelekezwa, na kwa kikosi kilichokwisha kuitumia kutazama afya ya seva ndiyo iliyokuwa na mantiki. Wengi wanaochagua Grafana hushawishika kuyapeleka matokeo ya majaribio kwenye mfumo wa takwimu wa Prometheus kwa kuwa ndiko takwimu zao nyingine ziliko, na ushawishi huo unafaa kukataliwa. Prometheus hutembelea programu zinazoishi muda mrefu na kuziuliza hali zao kila baada ya sekunde kadhaa, ilhali jaribio ni kitu kinachozaliwa na kufa kati ya ziara mbili. Na kila mchanganyiko mpya wa lebo, kama jina la jaribio pamoja na alama ya toleo la msimbo, huanzisha mfululizo mpya wa takwimu unaokula kumbukumbu ya mashine. Idadi ya majaribio yaliyoshindwa leo inafaa kuwa takwimu ya Prometheus. Jina la lililoshindwa, na sababu yake, ni safu katika jedwali.

Video zilibaki kuwa swali gumu kuliko yote, kwa ukubwa wake na kwa yaliyomo. Kurekodi kila jaribio kulijaza hifadhi na kukausha kipimo cha intaneti cha ofisi kwa picha ambazo hakuna aliyezitazama, na inafaa kutajwa kwamba Cypress yenyewe, katika toleo lilelile la 13, iliacha kurekodi video isipokuwa mtumiaji aombe. Yaliyomo yalikuwa na uzito zaidi. Majaribio ya malipo yaliyoendeshwa kwenye nakala ya data halisi yaliandika majina ya watu na namba zao za simu kwenye skrini, skrini ikarekodiwa, na video ikasafiri hadi seva ya huduma iliyoko ng'ambo, bila mtu yeyote kuamua kwamba taarifa hizo ziondoke nchini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, zote zinaweka masharti juu ya kuhamisha taarifa binafsi nje ya mipaka, na hakuna kifungu kinachosamehe taarifa hizo kwa kuwa zilikuwa ndani ya video ya jaribio lililoshindwa.

Uamuzi uliofikiwa ulikuwa wa kiutawala kuliko wa kiufundi. Nakala ya data halisi iliondolewa katika mazingira ya majaribio na kuwekwa wateja wa kubuni wenye namba zilizotengwa kwa ajili hiyo. Video zilirekodiwa kwa majaribio yote lakini zile za yaliyofaulu zilifutwa kwenye mashine kabla ya kupakiwa. Za yaliyoshindwa zilihifadhiwa kwenye hifadhi ya ndani kwa kipindi kifupi kilichoandikwa katika mipangilio ya hifadhi yenyewe, ili ufutaji usitegemee kumbukumbu ya mtu. Jedwali la hukumu, ambalo halina jina la mteja yeyote na ukubwa wake kwa mwaka mzima ni mdogo kuliko wa video za siku moja, halikuwekewa tarehe ya kufutwa.